Bunia: Njia ikitengenezwa upya, bomba la maji lipite kwanza

Habari ikifika katika mtaa mmoja wa Bunia kwamba njia itatengenezwa, watu wanafurahi mbele ya kuuliza. Mwenye duka anafikiria vumbi linaloharibu mali yake kuanzia mwezi wa kumi na mbili. Motari anafikiria amortisa za pikipiki. Mama anayerudi kutoka soko kuu na mzigo kichwani anafikiria matope. Ni wachache wanaouliza chini ya ile njia kuna nini. Katika sehemu za kati za mji, chini yake kuna bomba la REGIDESO. Na kama bomba hilo limezeeka, ndilo litakaloamua kama njia mpya itadumu miaka kumi na tano ama mvua mbili tu.

Kutengeneza njia na kubadilisha bomba ni kazi mbili tofauti, zenye wenyewe tofauti, feza tofauti na mafundi tofauti. Lakini zinafanyika ndani ya shimo moja, mbele ya mlango wa mtu yule yule.

Mji umepanuka, bomba limebaki

Bunia iko juu ya uwanda, zaidi ya metre 1200 juu ya bahari, wakati Ziwa Albert liko chini karibu metre 620. Mji ulikomaa pamoja na kazi ya dhahabu ya Kilo na utawala wa Wabelgiji. Kwa miaka mingi ulikuwa makao makuu ya wilaya ya Ituri ndani ya Jimbo la Mashariki, na tangu mwaka wa 2015 ni mji mkuu wa jimbo la Ituri. Una komini tatu: Mbunya, Nyakasanza na Shari.

Ukuaji wake haukufuata karatasi za mapima. Wakati wa vita vya 1999 hadi 2003 kartie nzima zilibaki tupu na nyingine zikajaa. Mwezi wa tano 2003 maelfu ya watu walikimbilia upande wa uwanja wa ndege na makao ya MONUC, mbele ya jeshi la Umoja wa Ulaya, operesheni Artemis, kufika mwezi wa sita. Kisha, tangu mwisho wa mwaka wa 2017, machafuko ya Djugu yamesukuma watu wengi tena kuingia mjini. Wengine waliwekwa karibu na Hospitali Kuu, baadaye Kigonze. Wengine wengi hawakuingia katika kambi yoyote, walipokelewa na ndugu. Familia inayopokea familia nyingine haiongezi robine. Inaongeza bidoni kwenye robine ile ile.

Hapo ndipo hesabu ya bomba inaingia. Watu wanafikiri bomba la upana wa nusu linapitisha maji nusu. Hapana. Ukikata upana wa bomba kwa nusu, nafasi ya ndani inabaki robo moja tu, na kwa sababu maji yanasuguana na kuta, kiasi kinachopita kinapungua mara zaidi ya tano. Bomba lililowekwa kwa nyumba mia moja haliwezi kutumikia nyumba elfu moja hata kama pampu inatumika usiku na mchana. Nyumba za chini ya kilima zinapata, za juu zinasikia hewa ikipiga filimbi ndani ya robine.

Kuna pia umri. Chuma cha galva kinaoza kutoka ndani, kutu inajenga ukuta na kubana njia ya maji mpaka bomba la vidole vinne linabaki kama la kidole kimoja. Mabomba ya sementi iliyochanganywa na amianti, yaliyowekwa katika miji mingi ya Afrika wakati wa ukoloni na miaka iliyofuata, yanapasuka kamio nzito ikipita juu yake. Plastiki ya PVC inaweza kudumu miaka 50 kama imelazwa vizuri, lakini ile iliyoachwa juani miezi kadhaa mbele ya kuzikwa inakuwa kama biskuti. Si tatizo la Bunia peke yake: hata London imelazimika kung'oa mabomba ya chuma yenye zaidi ya miaka 100 chini ya barabara zake.

Maji ni adui wa kwanza wa njia

Mafundi wa barabara wana msimamo mmoja kila pahali: njia inauawa na maji, magari yanamalizia tu. Udongo mwekundu wa Ituri, ule wa latérite, ukikauka na ukishindiliwa unakuwa mgumu kama tofali. Ukilowa kutoka chini unalainika. Lami iliyo juu haina nguvu yake yenyewe, inategemea kile kinachoibeba. Msingi ukilainika, lami inaanza kuonyesha mistari midogo kama ngozi ya mamba, kipande kinatoka, shimo linazaliwa, na mvua inayofuata inalipanua.

Maji hayo yanaweza kutoka juu, kama kanivo imejaa mchanga na mifuko ya plastiki. Yanaweza pia kutoka chini, katika bomba linalovuja bila mtu kuona. Bomba linalovuja bidoni moja ya litre 20 kwa saa linaonekana jambo dogo. Kwa siku moja ni bidoni 24, litre 480, zinazoingia katika msingi wa njia bila kupumzika, wakati wa mvua na wakati wa jua. Hakuna kompakta itakayoshinda hiyo.

Ndiyo maana mpangilio una maana kuliko feza zenyewe. Kwanza bomba, kisha kanivo, kisha msingi, mwisho lami. Ukibadili mpangilio, utalipa mara mbili. Njia mpya itachimbwa kwa ajili ya bomba, itazibwa kwa udongo uliokanyagwa na miguu tu, na baada ya mwezi kutakuwa na mtaro unaokata lami kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kila motari anaufahamu mtaro wa namna ile, anapunguza mwendo mbele ya kuuona.

Nani mwenye nini

Hapa wakaaji wengi wanapotea, na wakati mwingine hata viongozi wa kartie. Mashirika ni mengi.

Office des Routes, iliyoundwa 1971, inashughulikia barabara kubwa za taifa nje ya mji. Kwa Ituri, RN27 inayotoka Komanda, inapita Bunia na kwenda Mahagi iko mikononi mwake. Njia za ndani ya mji na mifereji yake ni kazi ya OVD, Office des Voiries et Drainage, ya mwaka wa 1987. Kwa hiyo Boulevard de Libération na avenyu za ndani hazina mwenyewe mmoja na njia ya kwenda Iga-Barrière. FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, uliwekwa na sheria ya tarehe 7 Julai 2008. Unapata feza zake katika mafuta ya magari na katika vizuizi vya kulipisha njiani. Kila mtu anayenunua lita moja ya mafuta Bunia amechangia, hata kama hana gari, maana bei ya usafiri wa pikipiki inabeba feza hiyo ndani.

Maji ni REGIDESO, shirika la tangu 1939 ambalo mageuzi ya 2008 na 2009 yaliligeuza kampuni ya kibiashara ya serikali. Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu maji iliondoa ukiritimba, na ikapatia majimbo na miji sehemu kubwa ya madaraka juu ya huduma ya maji. Katiba nayo, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji safi na umeme. Haki ile haileti maji yenyewe, lakini inampa mkaaji neno la kusema anapouliza.

Meria na komini ndio wanaotoa ruhusa, wanapanga magari yapite wapi, na wanaita wakaaji kwa mikutano. Sheria ya 2008 juu ya miji na komini inaweka kazi ya kanivo na mifereji ya mtaa mikononi mwa komini. Salongo ya siku ya posho inatoka kwenye desturi hiyo, ingawa salongo inasafisha kanivo, haiwezi kuijenga. Na tangu tarehe 6 Mei 2021, Ituri iko chini ya état de siège, gavana ni mwanajeshi na madaraka mengi ya kiraia yalipelekwa kwa jeshi na polisi. Kwa mkaaji jambo hilo halibadili mpangilio wa bomba na lami, ila linabadili mlango wa kubisha kama kazi imesimama.

Kampuni inayopewa soko la kazi inapaswa kuchaguliwa kwa mashindano, kufuatana na sheria ya masoko ya serikali ya tarehe 27 Aprili 2010. Mbele ya mashine kushuka, kunapaswa kusimamishwa kibao kikubwa kinachotaja mwenye kazi, kampuni, ofisi ya udhibiti, anayetoa feza na muda wa kazi. Kibao kile si pambo. Kama hakipo, chefu wa kartie ana haki ya kukiomba, na wakaaji wakipige picha siku ya kwanza, maana vibao vya namna ile vina tabia ya kuanguka.

Kazi yenyewe, kutoka shimo hadi lami

Mbele ya jembe la kwanza, fundi anapaswa kujua bomba la zamani linapita wapi. Karatasi za zamani hazisemi kila kitu, kwa hiyo wanachimba vishimo vidogo vya kujaribu hapa na pale. Wazee wa avenyu wana faida kubwa siku ile: wanakumbuka wapi bomba lilipasuka na wapi lilipitishwa kwa kuzunguka mti ambao leo haupo. Fundi asiyewauliza anapoteza wiki mbili.

Mtaro wa bomba kuu unachimbwa kiasi kwamba juu ya bomba kubaki karibu metre moja ya udongo, ama sentimetre 80 kwa uchache, ili uzito wa kamio usilifikie. Chini kunalazwa mchanga wa sentimetre kama 10, bila mawe. Bomba linalazwa juu ya mchanga, kisha mchanga tena. Juu zaidi kunawekwa wavu wa plastiki wa rangi ya buluu. Wavu huo haubebi kitu. Kazi yake ni kumwambia mchimbaji wa kesho: simama, chini kuna maji. Kama wakaaji wanaona mtaro unafunikwa bila mchanga na bila wavu, wamekwisha kuona mwanzo wa tatizo la miaka mitano ijayo.

Kuna mabomba ya namna mbili ambayo yanatumiwa zaidi siku hizi. PVC inakuja katika vipande vilivyonyooka na inaunganishwa kwa kusukuma kimoja ndani ya kingine na mpira katikati. Ile nyingine, nyeusi yenye mistari ya buluu, inaitwa PEHD. Kwa upana mdogo inakuja imezungushwa kama kamba, na inaunganishwa kwa moto mpaka inakuwa kipande kimoja. Inakubali udongo unaosogea, inavuja kidogo, lakini inataka mashine ya kuunganisha, umeme na fundi aliyejifunza. Fundi wa kubahatisha anaharibu PEHD haraka kuliko PVC.

Bomba la amianti likikutwa, lisikatwe kwa disiki kavu. Hatari yake iko katika vumbi linaloingia mapafuni, si sana katika maji yaliyopita ndani yake. Lilowanishwe, likatwe kwa mkono, vipande vizikwe pahali panapojulikana. Watoto wa Bunia wanaokota kila kitu, na kipande cha bomba kinaweza kuwa kigari cha kuchezea kabla jua kuzama.

Bomba likiisha kulazwa, halifunikwi lote mara moja. Viungo vinabaki wazi, maji yanaingizwa kwa nguvu kupita ile ya kila siku, kwa desturi mara moja na nusu, na fundi anaangalia sindano ya kipimo kama inashuka. Hatua hii inaruka kwa urahisi sana kama kampuni imechelewa. Ikiruka, jaribio litafanywa na wakaaji wenyewe baada ya lami kuwekwa.

Kisha ni zamu ya dawa. Ndani ya bomba jipya mna mchanga, majasho ya wafanyakazi, pengine panya. Linajazwa maji yenye klori nyingi, yanalala humo kama saa 24, yanamwagwa, na bomba linasukutuliwa mpaka klori irudi kiasi cha kunywa. Kwenye robine, klori inayobaki isipungue miligramu 0.2 kwa litre. Kipimo chake ni kidogo, cha mkononi, chenye kidonge kinachogeuza maji kuwa ya rangi ya waridi. Kituo cha afya kinaweza kuwa nacho.

Mtaro unajazwa kwa matabaka ya sentimetre 20 hadi 30, kila tabaka linashindiliwa peke yake. Kumwaga udongo wote mara moja na kupitisha rulo juu ni udanganyifu. Rulo inashindilia juu tu, chini kunabaki pamelegea, na njia itazama pale pale baada ya mvua ya kwanza.

Baada ya hapo njia yenyewe. Kanivo kwanza, na ziwe na mwisho: kanivo isiyofika mtoni inahamisha mafuriko kutoka kwa jirani mmoja hadi kwa mwingine. Mji una mto Nyamukau katikati yake, na maji mengi ya mvua yanatafuta kwenda huko. Msingi wa latérite na mawe yaliyovunjwa unashindiliwa. Mgongo wa njia unainuliwa katikati ili maji yateremke pembeni, asilimia 2 ama 3 kwa lami, 4 ama 5 kwa njia ya udongo. Lami inakuja mwisho, na kwa kweli ndiyo sehemu ya haraka kuliko zote. Ndiyo sababu viongozi wanapenda kupigwa picha pale.

Kuhusu majira, Bunia inapata mvua hasa kutoka mwezi wa tatu hadi wa tano na kutoka wa nane hadi wa kumi na moja. Nafasi nzuri ya kuchimba ni mwezi wa kumi na mbili hadi wa pili. Mtaro uliofunguliwa mwezi wa tisa unageuka bwawa, kuta zinaanguka, na bwawa lile halina uzio. Mtaro unaozidi metre moja na nusu unaweza kumfunika mtu mzima. Mtoto hahitaji hata hiyo. Kamba ya rangi peke yake haimzuii mtoto wa miaka minne. Mbao za kuvukia zenye mshiko na kizuizi kigumu ni haki ya mtaa, si zawadi ya kampuni.

Siku zisizo na maji

Hapa ndipo kazi nzuri inaweza kuua. Neno ni kali, lakini linapaswa kusemwa, maana katika mikutano mingi ya kazi za njia watu wanaongea juu ya vumbi na nyumba na hawaongei juu ya kuhara.

Bomba linalofanya kazi saa zote linajilinda. Nguvu ya maji inasukuma nje, kwa hiyo hata kama lina tundu, uchafu hauingii. Maji yakikatwa, nguvu inapotea, na bomba linaanza kunyonya. Kilicho karibu na tundu kinaingia: maji ya kanivo, maji ya choo cha jirani, maji ya mtaro. Maji yakirudi, yale ya kwanza yanabeba vyote hivyo mpaka kwenye bidoni. Jambo hilo linatokea pia umeme ukikatika na pampu zikasimama, kazi ya njia iwe au isiwe, na Bunia inaifahamu habari ya umeme, kutoka Budana hadi kwenye jenereta. Wakati wa kubadilisha bomba linatokea mara nyingi zaidi, katika mtaa ule ule, kwa wiki nzima.

Wakati huo huo wakaaji wanatafuta maji pengine. Wanashuka kwenye visima vya wazi, kwenye chemchemi, kwenye mto. Kipindupindu hakiko mbali na Ituri, ukingo wa Ziwa Albert upande wa Kasenyi na Tchomia umekijua mara nyingi, na magari na watu wanatoka huko kila siku kuja Bunia na samaki.

Kwa hiyo kampuni na REGIDESO wanapaswa kutangaza kukatwa kwa maji mbele, kwa avenyu na kwa saa, na kuweka tanki na robine za muda. Kipimo kinachotumiwa katika misaada ya dharura ni litre 15 kwa mtu kwa siku, na robine moja isizidi watu 250. Familia ya watu saba inahitaji basi litre 105, zaidi kidogo ya bidoni tano. Kama mtaa una watu elfu mbili na tanki lina robine mbili, hesabu imekwisha kukataa, na wanaolipa tofauti ni wasichana wanaoamka saa kumi usiku kushota maji. Katika mji wenye shida ya usalama, saa kumi usiku si saa ya kumtuma msichana.

Nyumbani, mambo ni machache. Jaza maji ya akiba siku moja mbele, katika bidoni zilizosafishwa na zenye kifuniko. Maji yakirudi, yaache yatoke mpaka yawe meupe, yatumie kwa kufagia na kumwagia choo, usiyape mtoto. Kwa siku chache za kwanza, chemsha ama weka dawa ya klori kufuata maandishi ya paketi. Bunia iko chini ya metre 2000, hivyo maji yakitokota vizuri dakika moja inatosha, hakuna sababu ya kumaliza makala ya wiki. Mtu akianza kuhara maji kama ya mchele, mpelekeni kituo cha afya bila kungoja asubuhi. Njiani mnyweshe maji safi litre moja yaliyochanganywa na vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi.

Nyumba, kioski na alama nyekundu

Kupanua njia kunagusa uzio, baraza, kioski, wakati mwingine nyumba. Alama nyekundu ikichorwa ukutani, usingizi unaisha. Sheria inatofautisha mambo mawili ambayo mtaani yanachanganywa. Mtu aliyejenga juu ya nafasi ya njia ya umma, mbele ya mpaka wa parseli yake, hana haki kubwa ya kudai, ingawa ubinadamu unataka apewe muda wa kuondoa mali yake. Mtu mwenye parseli halali ambayo njia inakula sehemu yake yuko chini ya kifungu cha 34 cha Katiba na sheria namba 77-001 ya tarehe 22 Februari 1977: serikali inaweza kuchukua kwa faida ya umma, lakini kwa malipo ya haki, na malipo yaje mbele.

Yanayosaidia ni karatasi. Hati ya parseli, risiti za kodi, picha za nyumba zenye tarehe, majina ya mashahidi. Familia nyingi za Ituri zilipoteza karatasi zao zilipokimbia, na kwa hao ushahidi wa chefu wa avenyu na majirani wa zamani unakuwa na uzito. Ukiletewa karatasi ya kusaini, isome na mtu anayejua Kifaransa vizuri mbele ya kuweka kidole.

Wenye kioski na wamama wanaouza mkate na ndizi pembeni ya njia hawana hati yoyote, na ndio wa kwanza kuondoka. Miradi inayolipwa na mashirika makubwa ya fedha, kama Benki ya Dunia, ina kanuni zinazotaka hata hao waandikwe na wasaidiwe kwa mapato wanayopoteza. Kwa hiyo swali la nani anatoa feza, lile lililo juu ya kibao, linamhusu muuza ndizi kuliko mtu mwingine yeyote.

Mfano wa Goma

Nyiragongo ilipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, moto wake ulisimama kaskazini ya mji, lakini ulifunika mabomba na tanki kubwa la REGIDESO upande ule. Karibu watu nusu milioni walibaki bila maji ya robine. Waliporudi kutoka Sake na pengine walikokimbilia, wakaanza kunywa maji ya ziwa. Msalaba Mwekundu wa kimataifa na REGIDESO walipitisha mabomba ya muda juu ya mawe ambayo yalikuwa bado ya moto, ili maji yarudi mbele ya magonjwa.

Bunia haina volkano. Lakini Goma ilionyesha kwamba bomba moja kuu bila njia ya pili ni udhaifu wa mji mzima. Mtandao uliofungwa kama duara, wenye vana za kukata kila mtaa peke yake, unaruhusu kutengeneza avenyu moja bila kunyima maji kartie nzima. Vana ni kitu kidogo katika bajeti ya njia. Wakati mitaro iko wazi, bei yake ni ya chini kabisa. Baada ya lami, kila vana ni shimo jipya.

Butembo nayo imejulikana kwa wafanyabiashara na wakaaji kuchangia njia zao bila kungoja Kinshasa. Mchango wa namna ile unaweza kuinua njia ya udongo. Bomba kuu ni jambo jingine, linataka mahesabu ya mji mzima, na mtaa unaojinunulia mabomba bila REGIDESO mara nyingi unakuta maji hayana nguvu ya kufika.

Konteri, fakitire na mwaka wa kwanza

Bomba jipya likianza kutumika, kila nyumba inapaswa kuunganishwa tena. Viunganisho vilivyofichwa vinaonekana hapo, na mapatano yanaanza. Swali la kuuliza mapema, katika mkutano na si mlangoni: kuunganisha tena nyumba iliyokuwa na mkataba kumo ndani ya bei ya kazi, ama mkaaji atalipa? Jibu liandikwe kwenye ripoti ya mkutano. Malipo yoyote yaende kwenye kesi ya REGIDESO na risiti itoke.

Siku ya kukatwa maji, andika namba iliyo juu ya konteri, ama ipige picha. Maji yakirudi, hewa iliyojaa bombani inatoka kwanza na inazungusha konteri kama maji. Mwenye picha ana cha kuonyesha fakitire ikija kubwa kuliko desturi.

Kazi ikiisha, kunafanyika mapokeo ya muda, na kwa desturi mwaka mmoja baadaye mapokeo ya mwisho. Kati ya hizo tarehe mbili, kampuni inapaswa kurudi kutengeneza bila malipo kila kinachozama, kinachopasuka ama kinachovuja kwa kosa lake. Mwaka mmoja Bunia ni misimu miwili ya mvua. Avenyu inayotaka kutumia garanti ile iandike tarehe ya mapokeo ya muda, ipite njiani baada ya kila mvua kubwa, ipige picha za pahali maji yanaposimama ama udongo unapobaki umelowa wakati wa jua, na ipeleke barua kwa bourgmestre na OVD, na nakala REGIDESO, ikidai muhuri wa kupokelewa juu ya nakala inayobaki kwa chefu.